Nilikunywa dawa za sonona nikiwa na mimba, sasa mwanangu anaogopa kila kitu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Morogoro na mume wangu na binti yetu, ambaye hapa nitamwita Nasra. Ana miaka minane, yuko darasa la pili.

Kabla ya Nasra nilibeba mimba nyingine, mtoto akafia tumboni mwezi wa nane. Baada ya hapo niliugua sonona vibaya sana. Sikula, sikuoga, sikutaka kuona mtu, na mwisho nilijaribu kujitoa uhai. Mume wangu aliniwahisha hospitali. Daktari alinianzishia fluoksetini na taratibu nikarudi kuwa mtu. Nilipopata mimba ya Nasra nilikuwa bado naitumia, daktari akaniambia niendelee, nikaendelea mpaka nikajifungua.

Nasra alizaliwa salama. Siku za mwanzo alikuwa akitetemekatetemeka na kulia bila sababu, kisha ikaisha. Lakini Shangazi, mtoto huyu ni mwoga kupita kiasi. Mvua ikianza kunguruma anajificha chini ya meza na kuziba masikio. Umeme ukikatika ananing'ang'ania khanga, siwezi hata kwenda kutafuta tochi. Chooni haendi peke yake hata mchana. Juzi tukienda shule, mbwa wa jirani alikuwa amefungwa mnyororo, ng'ambo ya barabara, amelala. Nasra alisimama palepale, akanibana mkono mpaka kucha zikaniingia, akajikojolea na sare yake. Wenzake wakaona. Tangu siku hiyo kila asubuhi anasema tumbo linauma.

Mama mkwe anasema mtoto ana jini, apelekwe kwa fundi akatolewe. Mume wangu yuko kimya.

Sasa nina mimba ya miezi minne. Mdogo wangu aliyeko Marekani amenitumia video inayosema wanasayansi wamethibitisha kwamba watoto waliokutana na dawa hizi tumboni wanakua na hofu. Niliiangalia mara nyingi, nikalia. Tangu wiki iliyopita nimeacha vidonge. Mume wangu hajui, na kusema kweli sijasikia tofauti yoyote.

Naomba uniambie ukweli. Je, ni mimi niliyemfanya Nasra awe hivi? Nifanye nini na hii mimba? Na akikua, nimwambie?

Mama Nasra, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mtoto uliyempoteza, na pole kwa kubeba swali hili peke yako. Nitajibu yote uliyouliza, lakini naanza na lile ulilolitaja mwishoni kwa haraka: kwamba umeacha dawa, mwenzako hajui, na hujasikia tofauti. Mengine yanaweza kusubiri, hili haliwezi.

Fluoksetini haitoki mwilini upesi. Mtu akiacha leo, dawa yenyewe na kile inachogeuka kuwa baada ya kupita kwenye ini vinaendelea kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa. Maana yake ni kwamba utulivu unaouona sasa bado unatokana na vidonge ulivyomeza mwezi uliopita. Sonona ikirudi hurudi baadaye, mtu akiwa ameshajiaminisha kwamba dawa hazihitaji tena. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa muuguzi kwenye wodi ya afya ya akili, na nimepokea kina mama wengi waliorudi wakiwa hoi huku wakiniuliza, "Mbona wiki za kwanza nilikuwa mzima kabisa?"

Mwaka 2006 timu ya Dk. Lee Cohen wa Boston, Marekani, ilichapisha matokeo ya kuwafuatilia wajawazito 201 waliokuwa wameugua sonona huko nyuma na kupata nafuu kwa dawa. Katika walioacha dawa, asilimia 68 waliugua tena kabla ya kujifungua. Katika walioendelea, walikuwa asilimia 26. Na wewe, mwanangu, ugonjwa wako haukuwa wa kununa siku mbili tatu. Ulikufikisha mahali ambapo mume wako alikukimbiza hospitali.

Kwa hiyo wiki hii isiishe hujaonana na daktari aliyekuandikia dawa, au daktari yeyote wa afya ya akili hapo hospitali ya mkoa. Chukua pakiti ya vidonge, mwambie siku uliyoacha, mwambie na umri wa mimba. Usijirudishie dozi kwa kukisia, wala usimwachie muuza duka la dawa akuamulie. Na leo hii mwambie mume wako, kwa sababu mtu wa kwanza kuona dalili zikirudi huwa si mgonjwa, ni yule anayelala naye chumba kimoja. Mawazo ya kufa yakikujia, hata kwa mbali, hata yakipita haraka, nenda hospitali iliyo karibu saa ileile, na usiende wala usikae peke yako.

Sasa nije kwenye video.

Sitakuambia kwamba imezuliwa. Umeniomba ukweli, na ukweli ni kwamba utafiti upo, na ni wa watu makini. Serotonini, ambayo ndiyo dawa hizi zinaigusa, wengi tunaijua kama kemikali ya hisia. Kwenye ubongo unaojengwa ina kazi nyingine tena: husaidia kuelekeza seli za neva zikue kwenda wapi na ziungane na zipi. Fluoksetini hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Kwa hiyo wanasayansi walikuwa na kila sababu ya kuuliza kama mjenzi akiongezewa serotonini wakati bado anajenga, nyumba itatoka tofauti.

Mwaka 2004 kundi la Mark Ansorge, René Hen na Jay Gingrich wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, liliandika katika jarida la Science kuhusu vitoto vya panya vilivyopewa fluoksetini tangu siku ya 4 hadi ya 21 baada ya kuzaliwa. Kisha dawa ikaachwa, wakakua. Walipofika utu uzima, panya hao walisitasita kutembea mahali pageni, na wakiwekewa chakula sehemu wasiyoizoea walichelewa kukila. Mwaka 2025 watafiti wa chuo hichohicho na wenzao walikwenda mbali zaidi katika Nature Communications. Panya waliopewa dawa wakiwa wachanga, wakikua na kunusishwa harufu ya mnyama anayewala, walijihami kwa nguvu zaidi kuliko wenzao, na sehemu za ubongo zinazoshughulika na hofu ziliwaka zaidi. Siku hizo za mwanzo za panya zinalingana, kwa ukuaji wa ubongo, na miezi ya mwisho ya mtoto wa binadamu tumboni. Kisha wakaangalia vijana wadogo ambao mama zao walitumia dawa hizi wakiwa wajawazito. Walipoonyeshwa picha za nyuso zenye hofu, amigdala, yaani sehemu ya ubongo inayotambua hatari, na sehemu zinazoshirikiana nayo zilishtuka zaidi kuliko za wenzao, na dalili zao za wasiwasi na sonona zilikuwa juu zaidi.

Hiyo ndiyo habari yenyewe, bila muziki wa kutisha uliowekwa kwenye video. Inastahili kusikilizwa. Sasa tazama kile isichoweza kusema.

Vitoto vya panya vilipewa dawa moja kwa moja. Hakukuwa na mama mwenye sonona aliyemzika mtoto mwaka uliotangulia. Huo ndio uzuri wa maabara, unapata kuitenga dawa peke yake, na hapohapo ndipo inapoachana na maisha yako. Kwa binadamu hakuna mjamzito anayemeza fluoksetini bila kuugua. Mtoto aliyepokea dawa amepokea pia damu ya ukoo wenye sonona, na homoni za msongo za mama, na baada ya kuzaliwa amelelewa na mama anayepigana na ugonjwa. Watafiti hujitahidi kuyatenganisha haya kwa hesabu, lakini hayaachani kirahisi. Kisha hizo ni tofauti za wastani wa kundi moja na jingine. Wapo vijana waliopata dawa tumboni na hawana woga wowote, na wapo wasioipata ambao wanaogopa hata kivuli. Hakuna daktari anayeweza kumtazama Nasra, au hata kumpiga picha ya ubongo, akasema woga huu umetoka kwenye kidonge.

Ushahidi mwingine nao usomwe kwa pamoja. Ufini wana kumbukumbu za nchi nzima, na mwaka 2016 walichapisha hesabu za watoto waliozaliwa kuanzia 1996 hadi 2010. Waliopata dawa hizi tumboni, asilimia 8.2 walikuwa wamegunduliwa na sonona kabla ya kutimiza miaka 15. Wale ambao mama zao waliugua bila kutumia dawa walikuwa asilimia 1.9. Hiyo ni tofauti ya kweli, sitaificha. Lakini kwa matatizo ya hofu na wasiwasi, ambayo ndiyo unayoniuliza, makundi hayo mawili hayakutofautiana. Marekani nako, mwaka 2022, Elizabeth Suarez na wenzake waliangalia mimba zaidi ya 145,000 zilizokutana na dawa za sonona na nyingine milioni tatu ambazo hazikukutana nazo. Baada ya kuzingatia ugonjwa wa mama na mengine ya familia, hawakuona dawa zikiongeza usonji, tatizo la umakini, wala matatizo ya kujifunza.

Na sonona au hofu ya mama isiyotibiwa nayo haimwachi mtoto salama. Eneo la Bristol, Uingereza, wamewafuatilia watoto waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mama waliokuwa na wasiwasi mkubwa zaidi wakati wa ujauzito, watoto wao walikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 12 wa kuonyesha tatizo la afya ya akili, wakati wengine walikuwa karibu asilimia 7. Watu wa video hawayasemi haya, kwa sababu hayatishi vya kutosha. Hata Julai 2025, mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoitisha kikao cha wataalamu kuhusu dawa hizi na ujauzito, wengi wa waliopewa nafasi walisimama upande wa madhara, na chama cha madaktari wa uzazi wa nchi hiyo kilijitokeza hadharani kulalamika kwamba kikao hakikuwa na mizani. Vipande vya kikao kile bado vinazunguka kwenye simu za watu, na huenda chako ni kimojawapo.

Jambo moja zaidi, kisha nitoke kwenye tafiti. Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza kuandika kuhusu watoto waoga kwa kuzaliwa, wanaoganda mbele ya mtu mgeni au kitu kigeni, kabla fluoksetini haijaruhusiwa kuuzwa Marekani mwishoni mwa 1987. Watoto wa namna hiyo wamekuwepo siku zote. Hata kwenu, ukimuuliza mama yako au mama mkwe, hamtakosa shangazi au mjomba aliyekuwa hivyo.

Umeniuliza kama ni wewe. Maoni yangu, baada ya kuyapima yote: inawezekana dawa imechangia kidogo, inawezekana haikuchangia kabisa, na hakuna atakayekuja kukupa jibu la uhakika. Ila ninachokijua bila shaka ni hali uliyokuwa nayo siku ile daktari anakuambia uendelee. Mlikuwa mnachagua kati ya hatari ndogo isiyojulikana vizuri na hatari kubwa iliyokwisha kuonekana nyumbani kwenu. Ulichagua kubaki hai. Nasra ana mama wa kumshika mkono akipita kwa yule mbwa. Sioni kosa hapo, na sitaki ulione wewe.

Twende kwa mtoto sasa, maana yeye hangojei wanasayansi wamalize ubishi. Woga wa namna hii unatibika, na matibabu yake ni yaleyale, uwe umetoka kwenye damu, kwenye dawa, au kwenye sauti ya radi iliyomkuta peke yake siku moja.

Mwaka 2020 Eli Lebowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti wa watoto wenye matatizo ya hofu. Nusu walipata tiba ya mazungumzo wao wenyewe. Nusu nyingine mtoto hakuguswa, alifundishwa mzazi tu. Mwisho matokeo yalikaribiana. Nimelipenda sana jambo hili, kwa sababu kwetu wanasaikolojia wa watoto ni wa kutafuta kwa tochi, lakini mzazi yupo kila nyumba. Kinachofundishwa ni vitu viwili: mkubali mtoto kwamba hofu yake ni ya kweli, na mwonyeshe kwamba unaamini anaiweza. Kisha polepole unapunguza yale unayomfanyia ili asiogope.

Kwa mfano choo. Leo unaingia naye. Wiki hii simama mlangoni, mlango wazi, muwe mnaongea. Akizoea, simama hatua chache nyuma, uwe unaimba ili asikie sauti. Baadaye keti barazani. Usiruke hatua kwa sababu una haraka, wala usirudi nyuma kwa sababu amelia kidogo. Mwambie mapema mtakachofanya, usimshtukize. Akifanya, msifu kwa alichokifanya: "Leo umeingia mwenyewe na ulikuwa unaogopa."

Mbwa ni vivyo hivyo. Anzeni na picha ya mbwa kitabuni. Halafu mtazameni yule wa jirani mkiwa mbali sana, mahali ambapo moyo wake hauendi mbio, mkae hapo mpaka achoke kumwangalia. Siku nyingine sogeeni kidogo. Hana haja ya kumshika, inatosha aweze kupita barabarani. Na wewe ujiangalie mkono wako. Mtoto anayeogopa husoma mwili wa mama kabla ya kumtazama mbwa, na ukimvuta kwa nguvu au ukishika pumzi, umeshamjibu kwamba kuna hatari.

Nenda shuleni ukaongee na mwalimu wa darasa faraghani, umweleze kuhusu siku ile ya sare. Mwalimu akijua, atawazima wenzake wanaomcheka na atampa ruhusa ya kwenda chooni bila kusimamishwa mbele ya darasa. Lakini shule aende. Tumbo la asubuhi lipimwe mara moja, na kama halina ugonjwa basi aende nalo, kwa sababu kila siku anayobaki nyumbani inaifanya kesho iwe ngumu zaidi. Na pale nyumbani pigeni marufuku vitisho: zimwi la usiku, askari atakuja kukuchukua, nitakuachia mbwa. Kwa mtoto mwingine ni maneno tu, kwa Nasra ni habari kamili.

Usimgombeze mama mkwe. Anampenda mjukuu na anatumia elimu aliyonayo. Dua na kusomewa kwa upole, akiwa amepakatwa na bibi yake, hakuna ubaya. Ila kufungiwa kwenye chumba chenye moshi na watu wasiomjua wakimpigia kelele, hapana. Kwa mtoto huyu hilo ni jeraha jipya, na hapo mume wako inabidi avunje ukimya wake. Mpe barua hii aisome.

Ikiwa baada ya miezi miwili mitatu ya kujaribu hivi hakuna nafuu, au akiacha shule, akikosa usingizi, akipungua uzito, mpelekeni kwa wataalamu. Mwombe daktari wa hospitali ya mkoa akuandikie rufaa ya kwenda Muhimbili, au Mirembe pale Dodoma.

Kuhusu mimba uliyonayo, uamuzi ni wako na daktari, na nakuombea mkae muongee bila haraka. Kwa mtu mwenye historia yako, madaktari wengi watapendelea uendelee na dawa, kwa dozi ndogo kabisa inayokushika vizuri, na ufuatiliwe kila mwezi. Muulize pia kuhusu tiba ya mazungumzo kando ya dawa. Muulize kama kuna sababu ya kukaa na fluoksetini au kuhamia sertralini, ambayo hupita kidogo sana kwenye maziwa ya mama. Usihame kwa sababu ya video, maana kubadili dawa iliyokutoa kaburini nako kuna hatari yake. Ukienda kujifungua, waambie wakunga unatumia nini. Karibu theluthi ya watoto wanaokutana na dawa hizi hutetemeka, hulialia au husumbua kunyonya siku za mwanzo, kama alivyofanya Nasra, na mara nyingi hupita ndani ya wiki mbili. Wakijua, watamwangalia mtoto siku mbili tatu kabla ya kuwaruhusu.

Na mwisho umeuliza kama umwambie Nasra. Ndiyo, mwambie, lakini si sasa, na usimwambie kama mtu anayeungama. Zile hesabu za Ufini zinaonyesha umri wa kumtazama kwa makini ni kuanzia miaka kumi na miwili hivi kwenda mbele. Akikaribia hapo, mwambie kwamba kwenye familia yenu kuna ugonjwa wa sonona, kwamba mama aliwahi kuugua sana, akatumia dawa hata akiwa na mimba yake, akapona. Mwambie dalili zake ni zipi na kwamba akiziona aje kwako siku hiyohiyo. Siku moja atakuwa mjamzito yeye, na daktari wake atahitaji kujua historia hiyo.

Ukishaonana na daktari, niandikie alichosema.

Shangazi